Mtambaa wa Ma Koku

Magoti yangu ndiyo yaliyonistaafisha. Mtu akiniuliza kwa nini nimeacha kazi namwonyesha haya mawili, basi, anavuta kiti anipe. Pendo, wewe uliyeshika mkasi wangu, pamoja na wenzako mnaotunza bustani za huku mlimani juu ya ziwa, mmenisumbua sana niandike jinsi nilivyoutunza mtambaa wa Ma Koku. Haya, naandika. Ila nimechoka, nalisema mapema ili msitarajie maneno ya kutia moyo. Anayetaka kutiwa moyo aende kanisani.

Kwanza tuelewane ninazungumzia nini. Kwenye vitalu vya kando ya barabara kila kinachotambaa kinaitwa aivi. Ukiwauliza kwa nini, wanakuambia wateja ndivyo wanavyouliza. Aivi mwenyewe ni huyu: jani dogo lenye pembe kama tatu hivi, katikati kijani, ukingoni jeupe, kama limepakwa chokaa na fundi asiye na haraka. Hupanda jiwe kwa vijizizi vyake bila kufungwa kamba. Hapendi jua kali la Mwanza, na mimi simlaumu.

Aliyeuleta ni marehemu mume wa Ma Koku. Wote wawili walikuwa walimu, Wahaya wa Kagera waliohamia huku kikazi wakajenga juu ya mawe, nyumba yao na vyumba vichache vya wageni. Mwalimu alikwenda Lushoto kwenye mkutano, akarudi na chipukizi moja ndani ya kopo la maziwa ya unga, amelipakata kwenye basi njia nzima. Ma Koku alikuwa akisema wanaume wengine walirudi safari na vitenge. Chipukizi hilo likapandwa kwenye njia inayotoka nyumbani kwenda kwenye benchi la mawe linalotazama ziwa. Upande mmoja wa njia hiyo ni ukuta wa jiwe kubwa. Upande wa pili ni mteremko, na chini yake mawe mengine na maji. Njia hiyo ndiyo kisa chote, ikumbukeni.

Siku yangu ya kwanza nilifika na jembe begani. Nimezaliwa Misungwi, kwetu ni pamba, mihogo na ng'ombe, na mimi nilidhani bustani ni shamba dogo lenye maua. Mtunza bustani aliyekuwepo aliitwa Ta Kamugisha, Mhaya naye, mzee mwembamba mwenye kofia isiyojulikana ilikuwa rangi gani ilipokuwa mpya. Nikapiga goti, "Shikamoo." "Marahaba. Jembe hilo weka kule. Utaniulia vitu." Akanipeleka mpaka kwenye ukuta wa jiwe, akasema, "Haya, niambie unaona nini."

Niliangalia. Majani yana mabaka meupe, mengine yamejikunja kidogo. Nikamwambia, "Una batobato huu. Tuung'oe kabla haujaambukiza mingine."

Weee! Ta Kamugisha alicheka mpaka akakaa chini. Kwa asiyelima mihogo, batobato ni ule ugonjwa unaotia majani mabaka na kuyakunja, na mkulima mwenye akili akiuona anang'oa shina lote anachoma moto. Kwetu mtoto anafundishwa hilo kabla hajajua kuhesabu. Sasa mtu anakuambia kuna watu wanaopanda mmea wenye mabaka kwa makusudi, wanaumwagilia, na mabaka yakipungua wanasikitika! Nilidhani mzee ananitania.

Alinieleza kwa habari za migomba, maana Mhaya kila jambo analieleza kwa migomba. "Mgomba ukiuachia watoto wake wote, unakula majani. Unachagua, unaacha mama, binti na mjukuu, wengine unaondoa. Huu nao hivyo hivyo. Unatoa machipukizi ya aina tatu. La kijani tupu, lina nguvu kama jambazi, ukiliacha litaumeza ukuta mzima. La jeupe tupu, zuri sana, lakini halina chakula, litakufa lenyewe. Na hili la katikati, lenye vyote viwili. Hili ndilo letu. Kila siku unatafuta la kijani tupu unalikata. Usipolikata hakuna atakayekugombeza. Watu watakusifu, 'Duh, bustani yako inastawi!' Kumbe umeshindwa."

Basi hiyo ndiyo kazi. Kukata kinachostawi ili kisichostawi kibaki. Miaka yote hiyo sijapata namna nzuri zaidi ya kuieleza, na nilipojaribu kuwaeleza ndugu zangu waliniuliza kama naumwa.

Pendo, andika haya mahali. Chipukizi la kijani usilikate ncha, ukikata ncha linatoa mengine mawili kwa hasira. Lifuate mpaka linapoanzia, ulitoe hapo hapo. Ndiyo maana magoti yanaisha, kwa sababu linaanzia chini siku zote. Samadi usiimwage kama unapanda mahindi, ukizidisha unaita kijani. Kivuli kikizidi, kijani. Jua likizidi, sehemu nyeupe inaungua inakuwa kama karatasi iliyochomwa. Unataka mwanga wa asubuhi tu. Vipandikizi chukua vyenye pingili tatu, mbili ziingie kwenye mchanga wa kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, moja ibaki juu, na uvikinge upepo wa ziwani. Utomvu wake unawasha, vaa glovu. Mimi sikuvaa kwa sababu Ta Kamugisha hakuvaa, na hadi leo mikono yangu inawasha ikiota jua. Mkasi ufute kila jioni, na springi yake usiiazime mtu. Nilimwazima fundi wa maji, akairudisha baada ya mvua mbili ikiwa imegeuka kitu kingine.

Vituko havikukosekana. Wageni waliogopa nyoka. Kila mgeni alikuwa na shangazi aliyeumwa na nyoka aliyelala kwenye mmea wa kutambaa. Kwa kweli aliyekuwa akilala pale ni kenge mmoja, mkubwa, mwenye dharau, nilikuwa nikimwambia sogea anasogea kidogo kama mpangaji wa siku nyingi. Wengine walichuma machipukizi wakapande kwao, na bila kukosa walichagua lile jeupe tupu, kisha wakapiga simu kulalamika limekufa. Kiangazi kimoja utitiri ulishambulia ukuta wote, majani yakafifia yakawa na vumbi na utando kama wa buibui. Nilinyunyizia maji ya sabuni chini ya kila jani, chini, si juu, kwa sababu mdudu anakaa chini kama mwizi. Nilikuwa hoi. Ta Kamugisha alikaa kwenye benchi akinielekeza, akisema anafundisha.

Mwisho naye akachoka, akarudi kwao Kagera kwenye migomba yake. Siku ya kuondoka alinipa mkasi, akaangalia ukuta, akasema, "Mimi basi." Hotuba yote ya kustaafu ilikuwa hiyo. Nimeanza kuielewa juzi juzi tu.

Baada ya hapo ndipo macho ya Ma Koku yalipoanza kufifia. Mume alikuwa ameshafariki, watoto wako Dar. Daktari alisema ni presha ya macho, akampa dawa ya matone, akasema iliyopotea haitarudi. Mwanawe mkubwa, Edson, ni mtu mwema, ila ni mtu wa kuamua. Alikuja, akazunguka nyumba, akasimama kwenye ile njia ya benchi akatazama mteremko. Akasema mbele yangu na mbele ya mama yake, "Mama, siku utakayoanguka hapa mara moja tu, nakuja kukuchukua. Tunakwenda Dar, na nyumba tunaifunga."

Ma Koku alimngoja mwanawe aondoke. Alipoondoka ndipo akaniita. "Kabula, mimi Dar nitakaa ghorofani kama njiwa. Kila anayenishika mkono ananishika kama sufuria ya moto. Hapa nimemzika mume wangu, na hii njia natembea mwenyewe. Sikiliza. Pembeni kote kumefifia, lakini majani yako meupe nayaona. Yakiwa upande wangu wa kulia najua niko njiani. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hapo awali nilikata kijani kwa sababu Ta Kamugisha alisema. Kuanzia siku hiyo nilikata kwa sababu kijani kikiushinda ukuta, mama huyu anapotea njia, anaanguka, anachukuliwa. Nilikuwa naamka na wasiwasi. Mvua ikinyesha siku mbili nilikuwa najua kijani kimeruka, na nakimbia kazini kama mtu aliyeacha mtoto jikoni. Jirani alipokata mti wake na jua likaingia, nilitundika shuka langu la kitandani kulikinga jiwe. Mume wangu aliuliza shuka liko wapi. Nikamwambia liko kazini.

Na kila asubuhi, Ma Koku akishafika kwenye benchi lake, mimi nikiwa nimepiga magoti pale chini, tulikuwa na mazungumzo yetu. Nilimweleza ukuta. "Leo, Mama, huku juu kuna jani limetoka jeupe nusu, kijani nusu, kama kanga imekatwa vibaya. Kenge amerudi. Ziwa limetulia, lina rangi ya bati jipya. Kivuko cha Kamanga kinakuja, kimeinama upande, nadhani wamebeba ng'ombe." Alikuwa anauliza, ng'ombe wa rangi gani? Nami nawatafuta kwa macho. Kazi inasimama, lakini mwenye kazi ndiye aliyeuliza.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mwaka baada ya mwaka, hadi kaka yangu alipozidiwa kule Misungwi ikabidi niende kumuuguza. Niliwaacha akina mama wa kibarua, wanaovuka na kivuko kutoka upande wa Kamanga, wafagie na kumwagilia. Niliwaambia wasiguse mkasi. Hawakugusa mkasi, nawashuhudia kwa hilo.

Nilirudi Ijumaa asubuhi. Jumamosi Edson alikuwa anakuja kumtembelea mama yake. Getini nilikutana na Mama Shija, mkubwa wao, amejifunga kitenge, uso unang'aa, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dada!"

"Mwangaluka. Habari za hapa?"

"Nzuri sana! Tena tumekusaidia kazi kubwa. Ule mmea wako wa ukutani ulikuwa umekwisha kabisa na batobato. Tumeung'oa wote, mpaka mizizi. Yale mashina machache mazima, ya kijani, tumekutengea pembeni uyapande tena. Na tumeulundika kule nyuma, ukikauka vizuri tutauchoma."

Nilisimama. Nilitaka kupiga kelele. Ningemwambia nini? Alifanya alichofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, na alifanya vizuri, mpaka mizizi! Mimi mwenyewe ningeufanyia hivyo hivyo siku ya kwanza, kama nisingenyang'anywa jembe. Nilichoweza kuuliza ni, "Ma Koku yuko wapi?"

"Amekwenda kwenye benchi lake."

Mungu wangu! Nilikimbia na magoti haya. (Baadaye nilirudi kwenye lundo nikachambua vilivyokuwa bado vibichi, nikavitia kwenye ndoo ya maji. Ndivyo hivyo unavyovitunza leo, Pendo, kwa hiyo usiniambie tena kwamba vinakua polepole.) Nilipofika kwenye kona nilimwona. Alikuwa ndiyo kwanza yuko katikati ya njia. Jiwe liko tupu kutoka chini mpaka juu, hakuna jani, na mama wa watu anatembea na fimbo yake, mgongo umenyooka. Mbele yake njia inapinda, na pale inapopinda ndipo mteremko ulipo. Niliogopa kumwita, asije akageuka vibaya. Nikaziba mdomo kwa mkono.

Alifika kwenye kona. Akasogeza mguu wa kulia mpaka kiatu kikagusa jiwe, akagonga fimbo mara moja, akapinda vizuri kama gari la abiria linaloijua njia. Akaendelea mpaka kwenye benchi, akakaa, akapanga kitenge chake magotini.

Nilimfuata. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, Kabula. Kaka yako anaendeleaje?"

"Amepata nafuu. Mama, umepitaje pale? Wameng'oa mtambaa wote."

"Nimesikia. Walikuwa wanaimba wakati wanang'oa."

"Sasa umeonaje njia?"

Akaegemeza fimbo kwenye benchi. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Sijaiona. Siioni siku nyingi, mwanangu. Hata hayo meupe. Yalizimika moja moja, nikajifunza kwa mguu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Siku nyingi, tangu lini?"

"Tangu kabla hujatundika shuka lako."

Nilikasirika. Siwezi kuwadanganya, nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika katika kazi hii, kuliko getini kwa Mama Shija. Nikaona zile asubuhi zote, nimepiga magoti kwenye kokoto, mikono inawasha, natafuta kijani kama anayetafuta chawa, moyo unadunda kwamba nikipitiwa na chipukizi moja mtu ataanguka. Nikamwambia, na sauti ikapanda, "Mama! Magoti yangu yamekwisha kwa ajili ya majani usiyoyaona? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kunieleza."

"Kukueleza nini?"

"Yote. Edson akipiga simu anauliza kama nimetia matone. Wageni wanauliza maji ya moto. Watu wakijua huoni wanakuambia 'pole,' halafu wanakaa kimya, kana kwamba na wewe umetoka chumbani. Wewe ulikuwa unaniambia kunavyoonekana. Ulikuwa unaona kwa makini kwa sababu ulidhani naona kidogo. Ungejua sioni kabisa, ungefagia ungeondoka." Akatafuta mkono wangu, akaukosa, akaurudisha wake magotini. "Nimekutesa. Najua. Nilikuwa nasikia magoti yako yakilia ukiinuka, na nikanyamaza. Pole sana, Kabula."

Nilitaka kuondoka, kusema kweli, niende nyumbani nikalale mpaka Jumatatu. Chini kivuko kilipiga honi kikaondoka, na yeye hakuniuliza kimebeba nini. Alikaa tu, amegeuzia uso ziwa, kama mtu aliyerudisha kitu cha kuazima.

"Na kesho Edson?" niliuliza mwishowe.

"Edson atamwona mama yake anatembea. Akiona ukuta uko wazi atafurahi, yeye huogopa nyoka."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Naye akacheka kidogo, akaacha. Tukakaa. Jua lilikuwa limeanza kupanda na mimi sikuwa na cha kukata. Baadaye akauliza, taratibu sana, kama anayeomba maji kwenye nyumba ya watu.

"Leo ukutani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Ni jiwe tupu."

"Basi nieleze jiwe."

Nikavuta pumzi. Nikashuka chini kwa kushika benchi, goti moja, halafu la pili, nikasogeza uso karibu.

"Lina rangi ya majivu," nikamwambia. "Lakini si yote. Mahali mtambaa ulipokuwa umeshika pamebaki alama, vijistari vidogo vidogo, vingi, vinapanda mpaka juu."

"Endelea," akasema.